Dereva wa Kanyagio la Cherehani

Kuna watu cherehani ikigoma wanaipiga kofi. Fundi hakuwa mtu wa makofi. Kwa miaka kumi na tatu alitengeneza cherehani za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na sheria yake ilikuwa moja: gusa kitu kimoja, jaribu kwa kitambaa chakavu, ndipo uguse kingine. Anayegusa vitu viwili kwa mpigo, alikuwa akisema, hata akifanikiwa hajui dawa ilikuwa ipi.

Sasa Alhamisi ile asubuhi kilichogoma hakikuwa cherehani. Ilikuwa programu kwenye kompyuta, na aliyegomewa ni kaka yake.

Kaka alikuwa dereva wa lori. Si "aliwahi kuwa", kama watu walivyopenda kusema siku hizo kwa sauti ya matanga. Alikuwa dereva, basi. Miaka miwili nyuma jeki iliteleza akibadilisha tairi, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia unaishia kwenye kiwiko. Tajiri wake alimpa pole, gari akampa mtu mwingine. Kaka akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha dirishani, kazi yake ikawa kusikiliza malori ya wenzake yakipita barabarani na kuyatajia gia. "Tatu. Nne. Mjinga huyu, haraka ya nini?"

Mdogo wake alivumilia hayo miezi minne. Wa tano uzalendo ukamshinda, akamwekea gemu la kuendesha malori kwenye kompyuta yake ya kazi. Gemu lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye mikono miwili, na waliolitengeneza wala hawakuwaza kwamba kuna wengine. Sawa. Fundi akachukua kanyagio la cherehani ya umeme, akaligeuza kuwa kanyagio la mafuta. Akachukua kile chuma cha goti cha cherehani za kiwandani, ambacho mshonaji hukisukuma kwa goti, kikawa gia. Usukani ukabaki kwa mkono wa kushoto. Ili gemu likubali mambo hayo, alitumia programu ndogo ya bure, kazi ya mtu asiyemjua, inayochukua mabadiliko yako na kuyapachika ndani ya gemu la watu. Jina lake halisi lilikuwa refu na la kuchosha. Yeye aliiita Sindano.

Na kaka akaendesha. Kila Jumamosi saa kumi alasiri madereva, waliopo kazini na waliostaafu, kila mtu yuko kwake, walikutana ndani ya gemu hilo kupitia mtandao na kwenda msafara mmoja, vipaza sauti vikiwa wazi, wanapiga soga njia nzima. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya kaka kuongoza. Hajawahi kuongoza. Wiki nzima alikuwa ananyoa ndevu kila siku kama bwana harusi.

Ndipo Alhamisi Sindano ikatoa maandishi mekundu: gemu halionekani. Halionekani vipi, na hilo hapo? Ukibonyeza alama yake linafunguka, lori lile pale, injini inanguruma. Ila kanyagio limekufa, na chuma cha goti kimekufa. Kaka alikanyaga mara tatu, akavua kofia, akaondoka mezani.

Fundi akavuta kiti. Alizima, akawasha. Akachomoa waya wa kanyagio, akaupima kwa mita, mzima. Akazima programu ya kuzuia virusi, maana hizo nazo ni kama mlinzi mpya wa geti, humzuia mpaka mwenye nyumba. Bado. Akaifuta Sindano yote, akaiweka upya. Maandishi yale yale mekundu. Kila alichojaribu alikiandika mezani kwa chaki ya kukatia nguo, na kila kilichoshindwa alikikata mstari.

Kisha akagundua kwamba Jumatano jioni gemu lilikuwa limejisasisha lenyewe. Ahaa, akasema, mchawi huyu hapa. Ijumaa asubuhi yote aliitumia kulirudisha gemu kwenye toleo la zamani, akasubiri mpaka chai ikapoa mara mbili. Akaifungua Sindano. Gemu halionekani. Kumbe alikuwa amemshika uchawi mtu aliyekuwa anajipitia zake.

Akaandika kwa wenye gemu. Majibu yalikuja upesi, ya adabu tupu: hawahudumii gemu lililobadilishwa, na wanamshauri mteja atumie mikono yote miwili kama mwongozo unavyoelekeza. Fundi aliisoma barua hiyo mara mbili, masikio yakamwaka. Akawajibu mstari mmoja: "Mmoja tulishauzika. Tukaufukue?"

Akauliza kwenye ukumbi wa watumiaji wa Sindano. Bingwa mmoja akamwambia kwamba programu hiyo ilishakufa, mwenyewe ameitelekeza mwaka mzima, atafute nyingine. Ilishakufa? Mbona Jumamosi iliyopita ilikuwa inafanya kazi? Maiti gani huyo anayekwenda kazini? Fundi aliyaandika hayo hayo.

Mchana dada yao mkubwa akapita, akitoka kazini. Alikuwa karani wa shule, na alizoea kuzungumza na watu wote kama wamechelewa kipindi. Alitazama meza iliyojaa chaki, akamtazama kaka amelala chali chumba cha pili na viatu vyake miguuni.

"Mwache mwenzio apumzike," akamwambia fundi kwa sauti ya chini. "Mtu mzima na mchezo wa watoto. Unampandisha moyo, kisha unaporomoka, nani anauokota?"

"Dada, kwa heshima zote, kapumzika miaka miwili. Angekuwa gari, sasa hivi tungekuwa tunakwangua kutu."

"Mdomo wako huo."

"Ninao mmoja tu, dada. Niutumie."

Saa kumi na moja simu ya kaka ikalia, akaipokea kwa kipaza sauti kama kawaida yake. Alikuwa Breki, dereva mstaafu anayepanga msafara, mtu maarufu kwa matusi mazito kama mzigo wa saruji. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ya pamba. Alisema amesikia matatizo ya mitambo. Asijisumbue kabisa, ndugu yake. Kesho apande kwake ndani ya gemu, akae upande wa utingo, atazame barabara tu na kupunga upepo, na wote watafurahi kuwa naye. Majina ya madereva yanafungwa saa sita mchana.

"Asante," kaka akasema. "Asante sana."

Fundi alikuwa ameshika bisibisi, akaibana mpaka kiganja kikauma. Miaka kumi na moja mtu kashika usukani, leo anapewa utingo wa kwenye kioo cha kompyuta, na anashukuru. Heri Breki angemtukana.

Jumamosi asubuhi meza haikuwa na pa kuandika. Mteja alikuja na cherehani inayokata uzi, na fundi, bila kuinua kichwa, akamuuliza swali analowauliza wote: "Kabla haijaharibika, ulifanya nini?" Mteja akajibu wanavyojibu wote: "Sijafanya kitu." Fundi akafungua, akakuta imetiwa mafuta ya kupikia.

Ndipo akasimama katikati ya chumba, mikono ikinuka mafuta ya watu. Ameuliza nyaya, ameuliza wenye gemu, ameuliza mabingwa wa dunia nzima. Anayeitumia kompyuta hajamuuliza. Na kwa nini hajamuuliza? Kwa sababu tangu jeki ile, ndani ya nyumba hiyo hakuna aliyemuuliza kaka swali la kumwajibisha. Akivunja glasi, ni bahati mbaya. Akisahau jiko, ni mawazo. Walimwondolea makosa yote, na kosa ni mali ya mtu mzima. Fundi aliona aibu mpaka shingoni.

"Kaka. Jumatano ulifanya nini kwenye kompyuta?"

"Sijafanya kitu."

"Wateja wangu wote husema hivyo."

Kaka akakuna kidevu. "Nilibandika jina tu."

"Jina gani?"

"La gari. Unaongoza msafara na gari lisilo na jina, wewe ni gari la maji taka?"

Akamwonyesha. Jumatano alitafuta ndani ya gemu mahali pa kuandika kwenye paji la lori, hakupaona. Lakini kwenye kompyuta aliliona folda lililobeba gemu zima, na juu yake jina refu la watengenezaji, akajua hapo ndipo. Akafuta. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa: BADO NIPO.

Basi mambo yote yakawa wazi. Alama ya kufungulia gemu ilikuwa na akili, ikalifuata jina jipya. Sindano haikuwa na akili hiyo. Siku mbili nzima ilikuwa imesimama mlangoni kwa jina la zamani inabisha hodi, na hakuna anayeitika.

"Bahati mbaya tu, kaka," fundi akasema, na hapo hapo akatamani kujing'ata ulimi.

"Si bahati mbaya. Nimekosea."

"Umekosea," fundi akakubali. Akavuta kibodi kwake. Kurudisha jina la zamani ni kazi ya sekunde mbili. Mkono wa kushoto wa kaka ukatua juu ya mkono wake.

"Hilo halitoki."

"Tutaliandika pengine baadaye. Saa nne na nusu sasa hivi."

"Sikiliza. Jina hilo lilikuwa kwenye gari langu miaka kumi na moja. Nimetoka hospitali siku ya tatu, tajiri kalipiga rangi nyeupe. Sikumwambia kitu. Sasa unataka nilifute mwenyewe, kwa mkono niliobaki nao?"

Fundi alimtazama. Muda mrefu hajamwona ana hasira, na hasira ilimkaa vizuri. Akaurudisha mkono wake taratibu.

"Haya," akasema. "Atakayehama ni Sindano."

Hajawahi kuifungua tumbo. Alikuta faili la maandishi, marefu kama orodha ya mahari, na ndani yake jina la zamani limetajwa mara saba. Mtu mwenye pupa angeyabadilisha yote kwa mpigo. Yeye alibadilisha la kwanza, akajaribu. Nyekundu. La pili, akajaribu. Kaka alisimama nyuma yake anahesabu kwa sauti kama anayehesabu magunia. La tano, nyekundu. La sita, nyekundu. La saba, kimya kidogo, kisha maandishi yakaja ya kijani, na chini ya meza mguu wa kaka, uliokuwa umeshatangulia kwenye kanyagio, ukakanyaga, injini ikanguruma.

Saa sita kasoro dakika kumi kaka akapiga simu. "Breki, nitoe kwenye kiti cha utingo."

"Una uhakika, ndugu yangu? Usijilazimishe..."

"Nitoe."

Saa kumi malori kumi na tisa yakang'oa nanga, la kaka mbele. Dada mkubwa alikuwa amepita, eti anakwenda dukani, na akajikuta amekaa. Dakika arobaini kaka aliendesha kama aliyezaliwa humo, anawaambia wa nyuma wapi pana mashimo, wapi pana trafiki. Kisha ukaja mteremko wenye kona, goti likachelewa, gia haikushuka. Lori likapita kona moja kwa moja likalala mtaroni, na mawili ya nyuma yakaja kumgonga.

Dada mkubwa akaziba mdomo. Mkono wa fundi ukaruka kuelekea kibodi, umsaidie, umtoe, umfichie aibu, akaukalia.

Kisha sauti ya Breki ikalipuka, na haikuwa ya pamba.

"Wewe nani kakupa leseni? Kona hii hata punda anapunguza mwendo, wewe unaingia na gia ya tano! Umenivunjia taa, umenivunjia kioo, na umelala hapo kama mzigo wa viazi. Kenge mkubwa. Amka utoe takataka yako barabarani."

Na wengine wakadakia, kila mmoja na lake, wakamsema yeye na aliyemfundisha kuendesha. Miaka miwili hakuna binadamu aliyemtukana. Kaka alisikiliza, mpaka kicheko kikamtoka tumboni, kizito, cha zamani, cha mtu ambaye mdogo wake alidhani walimzika na mkono ule. Fundi akalia waziwazi, wala hakujifuta.

"Wewe mzee," kaka akajibu, "unanifuata mita mbili kama mkia halafu unalalamika? Ulikuwa umelala?" Akabana chuma kwa goti, akaingiza gia ya kurudi nyuma. "Sogeeni huko. Naongoza."