Karatasi ya Kumi na Mbili

Siku ya kuanua matanga ya mzee Nathanaeli, wanaume walikaa uwanjani kugawa vitu vyake, na wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakisugua masufuria kwa majivu. Ndivyo ilivyo tangu enzi: anayegawa hasugui, na anayesugua haulizwi. Debora, binti wa marehemu, alikuwa ameinama juu ya sufuria la ubwabwa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, lakini sikio lake lote lilikuwa uwanjani.

Jana yake alikuwa amemfuata Sostenes, kaka mkubwa wa baba yake, akapiga magoti na kumwambia wazi: "Baba mkubwa, mimi sitaki mbuzi, sitaki shamba. Nipeni kile kitabu cha picha tu."

"Tutaona," Sostenes alijibu.

Sasa aliona. Alipotokea uwanjani na beseni la sahani, koti lilikwishapata mwenyewe, baiskeli imekwenda, na Sostenes amekalia kigoda na kisu mkononi. Alikuwa anabandua pini za kitabu. Karatasi zilizokunjwa zilipoachia, alizipasua katikati kwa uangalifu wote, kama mtu anayechuna ngozi ya kuuza, na kwa kila kipande akamwita mjukuu mmoja kwa jina. Watoto walipokea kwa mikono miwili, wakapiga goti, wakaondoka mbio.

Sahani zilimponyoka Debora.

"Baba mkubwa, umefanya nini?"

"Nimegawa."

"Kitabu hakigawiwi!"

"Ng'ombe anagawiwa," alisema Sostenes bila kuinua macho, "mguu huku, bega kule, na kila mtu analala ameshiba. Itakuwa karatasi?"

"Wa mjini hao," akachombeza Ernest, binamu yake, "wamezoea kula wamefunga mlango." Wanaume wakacheka.

"Ng'ombe akishagawiwa hatembei tena, baba mkubwa."

Kicheko kikakatika. Sostenes aliweka kisu chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Debora kuliko yote, kwa kuwa mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumua.

"Sikiliza, mwanangu. Marehemu kila Jumapili alisema kwa kinywa chake, kitabu hiki ni cha wajukuu wote. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa Dodoma. Nimehesabu karatasi, kumi na mbili. Nimehesabu wajukuu, kumi na wawili, na huyo wako Loisi ndani yake. Ulitaka Mungu aseme kwa lugha gani tena? Na kilichogawiwa msibani hakirudishwi. Unajua."

Alijua. Akainama kuokota sahani.

Huenda msomaji mwenye rafu ya vitabu sebuleni anauliza, kelele zote hizi za nini kwa kitabu kimoja cha mtoto? Za nini? Katika kijiji kile, upande wa pili wa milima ya Mpwapwa, ndicho kilikuwa kitabu cha picha pekee. Kaya mia tatu, kitabu kimoja. Na hakukuwa hivyo zamani. Miaka ya kisomo, watu wazima walipokuwa wakikaa madawatini na watoto wao, kijiji kilijenga chumba cha kusomea kwa matofali waliyofyatua wenyewe, na kijana Nathanaeli akawa mtunza funguo. Vitabu vilijaa rafu mbili. Kisha wakaja waheshimiwa na gari, wakaamua chumba kiwe ghala la mbolea. Vitabu vikatupwa nje, mvua ikavikuta. Mbolea yenyewe ilikaa msimu mmoja, ikaibwa. Waliotoa amri ile wengine wapo hai, wanakula pensheni, na wakialikwa kwenye mahafali hawakosi kuwaambia vijana kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Ufunguo wa nini? Mlango mliung'oa nyinyi.

Nathanaeli aliokoa kimoja, akakiingiza ndani ya koti. Jalada lilikuwa limeshaliwa na maji, hata jina lake hakuna aliyelikumbuka. Kilikuwa kisa cha msichana aliyetumwa maji akiwa na punda wa bibi yake, punda akapotea, msichana akamtafuta karatasi baada ya karatasi. Anawauliza kanga, anamuuliza kinyonga, anamuuliza mzee anayechonga mpini. Punda mwenyewe haonekani. Utaona kwato mchangani, utaona kinyesi, utaona manyoya yaliyonasa kwenye mwiba. Mpaka karatasi ya mwisho kabisa: upande wa mbele msichana amekaa njiani analia, na ukigeuza, ndiye huyo, punda mzima, ukurasa umejaa.

Debora na ndugu zake walikulia kwenye kitabu hicho. Jumapili baada ya ibada baba yao alitandika ngozi kivulini, akanawa mikono na kuifuta hadi ikakauka, ndipo akakifungua. Kabla ya kugeuza ile karatasi ya mwisho alinyamaza kimya kirefu, na watoto, ambao walimjua yule punda kuliko wamjuavyo punda wao, walishika pumzi kama siku ya kwanza.

Debora alipokwenda Dodoma, akapata kazi ya usafi katika jengo moja la ofisi, akazaa Loisi, kitabu kilihamia kwenye simu. Kila Jumapili mzee alipiga. Loisi alibana simu kwa bega kama mtu mzima, akafumba macho.

"Babu, shikamoo. Tuko wapi?"

"Marahaba, mke wangu. Tuko kwa kanga. Wako saba. Mmoja amegeuza shingo anatutazama."

"Wana rangi gani?"

"Weusi, wana madoa meupe kama umewamwagia unga."

Lakini walipofika kwa punda, mzee alifunga kitabu. "Huyo hasimuliwi," alisema. "Huyo utakuja umuone kwa macho yako. Likizo ya Juni." Na Loisi, miaka mitano, alihesabu miezi kwa vidole. Debora alimtafutia kitabu hicho soko zima la Majengo na barabara zote za mjini. Maduka yalikuwa na mitihani iliyopita, majibu ya mitihani iliyopita, na maswali ya kubashiri mitihani ijayo. Cha punda hakuna aliyewahi kukisikia. Na ofisini alikofagia, kabati zilijaa ripoti za karatasi ya kung'aa, nene, zenye picha za rangi za watoto wa vijijini wakicheka. Alizifuta vumbi kila Jumatatu. Hakuna aliyezifungua.

Mwezi wa tano mzee akafa.

Kesho ya kuanua matanga Debora hakudai kurudishiwa kilichogawiwa; aliomba kitu kingine. Aliwaita wajukuu, kila mmoja na karatasi yake, akawapanga mstari mbele ya nyumba kwa kufuata kisa. Karatasi hakuna aliyeitoa mkononi. Kila mtoto aliinua yake kifuani, na Loisi akapita mbele yao, mmoja baada ya mwingine, huku mama yake akisoma. Sostenes alitazama kutoka kwenye kigoda, akajifanya anachokonoa meno.

"Hawa ndio kanga!" Loisi alipiga kelele. "Kweli saba! Mama, huyu ndiye aliyegeuza shingo!"

Ya tano ilikuwa ya kwake mwenyewe, kinyonga. Akasimama kwenye mstari, akajisomea kidogo, akatoka akaendelea. Ya nane imeng'atwa pembeni na mbuzi. Ya kumi na moja: kwato zinazopanda mlima. Kisha ukuta.

"Punda yuko wapi?"

Watoto walitazamana. Karatasi ya kumi na mbili aliipata Ritha, wa darasa la tatu, bintiye marehemu kaka yake Debora. Ritha na mama yake Hilda walikuwa wameondoka alfajiri kurudi Kibaigwa. Msimu wa mahindi hausubiri msiba.

"Yuko Kibaigwa," Debora alisema.

"Twende."

Sostenes alikohoa. "Ukifika kwa Hilda," alisema polepole, "mwambie mimi nimesema... mtoto aangalie. Kuangalia si kurudisha." Lilikuwa neno la kuomba radhi, refu kuliko yote aliyowahi kuomba. Debora aliitikia kwa kichwa.

Basi kesho yake walipoaga, walifika njia panda ya Mbande, na badala ya kushika njia ya Dodoma wakapanda gari la kwenda Kibaigwa. Loisi alisimama njia nzima akishika kiti cha mbele, akimweleza kila abiria: "Tunakwenda kumuona punda."

Hilda alikuwa sokoni, kichwa cheupe kwa vumbi la mahindi, anapepeta. Aliwakumbatia, akawapeleka kwenye chumba chake nyuma ya maghala, akawasha jiko la chai. Alipoelezwa wamefuata nini, uso wake ukatulia kama ungo uliowekwa chini.

"Wifi," alisema. "Jamani, wifi."

"Nini?"

"Ritha, leta daftari la Hisabati."

Ritha alilileta akilikumbatia. Shuleni kwao, daftari lisilojalidiwa ni viboko viwili, na mtoto wa mpepeta mahindi atoe wapi karatasi ya kujalidia? Nyuma ya daftari palikuwa na mfuko wa saruji. Mbele, pamebandikwa kwa gundi ya unga, pamenyooka, pamekazwa kingo zote, alikuwa msichana amekaa njiani analia.

"Na punda?" Loisi aliuliza.

"Yuko ndani," alisema Ritha. "Nilimgeuzia ndani ili asichafuke. Darasani kwetu wanashikashika."

Chai ilichemka ikamwagika. Debora alichukua daftari, akapitisha kucha kwenye kona, taratibu, taratibu kama anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Kona iliinuka kidogo. Aliona buluu ya mbingu, akaona ncha ya sikio, kijivu, ndogo kama mbegu ya alizeti. Akavuta tena, na ile ncha ikabaki kwenye daftari. Karatasi ilitoka nyeupe, haina kitu.

"Shangazi," Ritha alisema kwa sauti ya chini, "nitachapwa. Na humo kuna kazi zangu za muhula mzima."

"Maji ya moto, wifi," Hilda alisema, "labda tukiloweka..."

"Rangi itaondoka yote."

Debora alikaa na daftari magotini. Angeweza kuendelea. Angetoka na vipande, angemwachia mtoto wa kaka yake marehemu viboko, na Loisi asingeona punda, angeona ngozi ya punda. Aliikumbuka sauti ya kisu uwanjani. Akalamba kidole, akaikandamiza ile kona mpaka ikashika, akamrudishia Ritha daftari lake.

Mtu wa kumkasirikia hakuwepo. Sostenes alitaka haki, Ritha alitaka kumtunza punda. Mwenye kosa, yule mheshimiwa wa ghala la mbolea, alikuwa mbali, ndani ya koti safi, na hata jina la kijiji kile ameshalisahau. Debora hakulisahau jina la mheshimiwa huyo.

Loisi hakulia. Debora alikingoja kilio hicho na hakikuja. Mtoto alisogea akakaa kitako karibu na Ritha kwenye mkeka, mabega yakagusana.

"Wewe ulimuona?"

"Nilimuona. Kabla ya kubandika nilimwangalia sana."

"Yukoje?"

Ritha alitazama juu kwenye bati, akakumbuka. "Yuko juu ya kilima. Amegeuka anatutazama. Madumu bado anayo mgongoni, hayakumwagika."

"Ana rangi gani?"

"Kijivu. Puani mweupe, kama amechovya kwenye unga."

Loisi alichukua mkono wa Ritha, akauweka sikioni mwake, akaubana kwa bega. Akafumba macho.

"Endelea," alisema.

Debora alitoka nje. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabara kuu, yamejaa mahindi, mengine yanatoka, mengine yanaingia, na wachuuzi wanapigana vikumbo. Alisimama akayatazama yakipita, moja moja, mpaka Hilda alipomfuata na kikombe cha chai, akakishika, asinywe.