Waya Mnene na Masikio ya Mwalimu wa Bendi

Mtaa mzima ulimwita mwalimu wa bendi Masikio. Mpiga tarumbeta akiteleza noti moja katikati ya kishindo cha ngoma, mzee huyo alimtaja bila kugeuka. Ndiyo maana siku aliyosikiliza sebuleni kanda ya bendi yake na asiisikie kabisa ile kengele ya pembetatu, aliyoipangia mapigo yeye mwenyewe, moyo ulimlipuka. Akarudia, akasogeza kochi karibu na ukuta, akarudia tena. Wapi. Akamwambia katibu wa bendi kwamba masikio yamekwisha, na Jumamosi, mbele ya watu, angemkabidhi mwingine kijiti cha kuongozea.

Kisha akanunua waya. Ulikuwa waya wa umeme wa amplifaya, mnene kama mkono wa mtoto, mgumu kukunjika, na muuzaji aliapa kwamba unausafisha umeme kabla haujaufikia muziki. Masikio na mkewe walihangaika kuuchomeka, wakavuta kabati, wakavuta spika, wakatokwa jasho. Jioni hiyo kengele ikarudi, ti, ti, ti, safi kabisa.

"Mama watoto, masikio ni mazima," alisema, akicheza peke yake katikati ya chumba. "Ulikuwa umeme mchafu tu."

Ijumaa alasiri akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori mstaafu mwenye mdomo usiolala. Aliutazama ule waya akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, umeme umetoka bwawani, umepita nguzo na nguzo, halafu hiki kipande cha mwisho ndicho kinausafisha? Ni kama mtu kuosha kidole kimoja akasema ameoga."

"Kengele nimeisikia."

"Umesikia bei."

Neno hilo lilimchoma Masikio kuliko alivyoonyesha. Kama waya ni bure, basi kengele aliisikia kwa kutamani tu, na masikio yamekwisha kweli. Katibu alikuwa bado anangoja Jumamosi.

"Nifungeni macho," alisema. "Mama watoto abadilishe, mara huu mnene, mara ule wa kawaida wa birika la umeme. Nikishindwa kuutambua, kesho kijiti nakiacha."

Wakamfunga kitambaa. Mkewe akajibanza nyuma ya kabati. Amplifaya ikazimwa, ikawashwa, bendi ikalia.

"Mnene," alisema Masikio papo hapo.

Ikazimwa, ikawashwa.

"Huu wa birika. Umefifia kidogo."

Mara ya tatu alisogea mbele ya kiti, mikono ikipiga mapigo hewani, uso unang'aa. "Mnene. Huo, huo. Kengele hiyo hapo, naweza kuishika."

Nyuma ya kabati kukasikika kicheko cha kubanwa. Mkewe alitokea ameshika kiuno.

"Baba watoto, nisamehe. Ule mnene nimeuchomoa kwa shida, kuurudisha kumenishinda. Nimeuacha jikoni tangu mwanzo, nilipofuata ule wa birika. Mara zote tatu ni huo wa birika."

Shemeji alipiga magoti kwa kucheka. Masikio alivua kitambaa taratibu, akakiweka mapajani.

"Basi," alisema. "Nimekwisha."

"Umekwishaje?" Mkewe alimsogelea. "Kengele umeisikia au hukuisikia?"

"Nimeisikia."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

"Kwa waya wa birika."

Masikio aliinuka, akazitazama spika. Zilisimama wazi katikati ya sakafu, pale walipozivuta siku ya kuhangaika na ule waya mgumu. Kabla ya hapo zilikuwa wapi? Nyuma ya kochi, zimefunikwa na pazia zito.

"Shemeji, nisaidie kuzirudisha. Upesi."

Walizisukuma nyuma ya kochi, pazia likaziangukia. Bendi ikalia kama iliyofunikwa blanketi, kengele haikuwapo. Wakazivuta nje. Ti, ti, ti. Wakazirudisha, ikapotea. Wakazivuta, ikarudi. Waliuchomeka hata ule mnene, wote watatu wakatega sikio, na haukuongeza wala kupunguza kitu.

"Haya, na mimi nimeisikia," alisema shemeji, akihema. "Na mimi ni kiziwi wa injini miaka yote."

Masikio alikuwa tayari ameshika simu, na kwa furaha akakosea namba mara ya kwanza.

"Katibu? Ile habari ya kijiti, ifute. Ndiyo, yote. Na yule wa kengele mwambie kesho asijifiche nyuma ya ngoma kubwa. Mapigo yangu ameyakata mawili kwenye kanda, na nimemsikia."