Picha ya Kumpelekea Daktari

"Cheka kidogo, mama," mpiga picha alisema, jicho moja kwenye kamera.

"Nimecheka, baba."

Akainua kichwa. Binti yake alikaa wima kwenye kigoda, mbele ya kitambaa cheupe, na kweli macho yake yalikuwa yanacheka. Shavu la kushoto ndilo lililogoma. Mpiga picha akajidai anafuta lenzi, akaifuta weee, mpaka vumbi ambalo halikuwepo likaisha.

Alimwita mama tangu mchanga, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba, na si jina peke yake. Pua pia: pana, imetulia, pua ya mtu asiye na haraka. Majirani walitania kwamba bibi kaondoka, pua kaisahau nyumbani. Sasa pua yenyewe haipo. Ilikwenda mwaka juzi kwa kisu cha daktari, kikaja kidevu kipya, kisha sindano za mashavu, na kila mara baba mtu aliambiwa mambo yakishakwisha. Nani alimuuliza? Hata leo muuza vocha wa mlango wa pili, aliyembeba mgongoni binti huyu huyu alipokuwa mdogo, alimkaribisha kwa kusema, "Pita tu dada, fundi yupo." Binti akapita. Baba akajifanya hakusikia.

Baba alikuwa na hakika picha ni ya kitambulisho, maana askari wa getini kazini kwa binti alikuwa akimsumbua kwamba kile cha zamani si chake. Akapiga, akaihamishia kwenye kompyuta. Binti akaja kusimama nyuma yake.

"Hapa punguza. Na hapa kaza."

"Ya kitambulisho hairekebishwi, mama. Wataikataa."

"Si ya kitambulisho. Ni ya kumpelekea daktari, Jumatatu."

"Daktari tena? Si ulisema basi?"

"Nikimweleza kwa mdomo anakosea, si unaona shavu? Ile mara ya kwanza nilimpelekea picha, akapatia."

"Picha gani?"

Binti akanyoosha kidole dirishani. Pale ilitundikwa picha yake ya mahafali, kubwa, kona moja imepauka kwa jua.

Mpiga picha akageuka kuitazama. Aliikumbuka siku ile. Alikaa kwenye kiti hiki hiki, akafuta chunusi, akang'arisha ngozi, na pua akaibana kidogo huku na huku, kwa mazoea tu ya mkono, kama anavyowabana maharusi wote. Hakufikiri kitu. Akaitundika kuvutia wateja, na wateja wakaja kweli.

"Mama, ile ilikuwa kazi," alisema. "Mkono umezoea. Mimi sikukuona na kasoro hata siku moja."

"Lakini uliitoa." Hakusema kwa hasira, afadhali angefoka. "Watu walikuwa wanaitazama picha, halafu wananitazama mimi. Halafu wanairudia picha."

Alitaka kumwomba radhi. Yakatoka maneno mengine. "Sikufanyii."

"Basi nitakwenda kwa yule wa stendi. Yule hata mbuzi anamkuza midomo."

Wakacheka wote wawili, Mungu awasamehe, na kicheko cha binti kikaishia nusu ya uso. Baba akaacha kucheka kwanza.

"Afadhali wewe, baba," binti alisema taratibu. "Wewe unanijua."

Hilo ndilo lililommaliza. Akishika yeye, ataharibu. Akishika yule wa stendi, ataharibu zaidi. Akavuta kiti, akashika kipanya. Hakuanzia shavuni. Alianzia kwenye pua, akaivuta pembeni kidogo kidogo, upande huu, upande ule, mpaka marehemu mama yake mzazi akaanza kumtazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

"Baba. Hiyo nilishaitoa."

"Najua."

"Rudisha ilivyokuwa."

Akarudisha. Ilikuwa kubonyeza mara moja tu.

Mkono ukabaki umelala juu ya kipanya, hauendi mbele wala nyuma. Binti akasogeza kigoda, akaketi, akaweka kiganja chake juu ya kile cha baba, kama baba alivyokuwa akimfanyia alipokuwa wa miaka sita, anamfundisha kompyuta kwenye meza hii hii.

"Hapa," alisema. "Kidogo tu. Usiogope."

Nje, muuza vocha alisikika akimwambia mteja asubiri kidogo, fundi ana mgeni.