Nusu Saa ya Betri Kutulia

...na hiyo nusu saa haiharakishwi, uikodolee macho usiikodolee, betri ikitoka kwenye chaja inataka iachwe itulie, ukiipima hapo hapo itakwambia imeshiba, volti kumi na tatu na ushee, uongo mtupu, kwa hiyo Dereva alikuwa ameketi kwenye sakafu ya gari-nyumba lao kuukuu, mgongo kauegemeza kwenye kabati la sinki, mita ya kupimia volti mapajani, na mbele yake benchi la kulia chakula limefunuliwa, betri mbili zimo ndani ubavu kwa ubavu, waya mwekundu umeunganisha chanya kwa chanya, mweusi hasi kwa hasi, safi, maana asubuhi alisugua ule unga mweupe kwa maji ya moto na magadi, akafuta, akapaka grisi, na chaja ilipomaliza akaongeza maji ya betri, baada ya kuchaji, siyo kabla, ukiongeza kabla yanachemka na kumwagika na kula mbao... dakika sita zimepita, bado ishirini na nne... na nje mume wake alikuwa anauliza jambo, “Dereva, mashuka ya bluu au haya ya mistari?” naye akajibu yoyote, Mwalimu, yoyote tu, kwa sababu hivyo ndivyo walivyoitana tangu zamani, yeye Dereva kwa miaka thelathini ya basi la shule, mumewe Mwalimu kwa miaka arobaini ya kufundisha jiografia, hata watoto wao walikua wakidhani ndiyo majina yao ya kuzaliwa, na huyo Mwalimu sasa alikuwa anapiga mluzi, anapakia mashuka, ana furaha kama mtu aliyefaulu mtihani, kesho alfajiri wanaondoka kwenda kwa dada yake, siku tatu barabarani, dada aliyemlea akambeba mgongoni, dada ambaye sasa hainuki kitandani, na kwenye simu alimwambia njoo nikuone ningali nakujua wewe ni nani, na mabasi hayawezekani, maana tangu mwaka jana Mwalimu halali bila mashine ya kupumulia, akilala bila hiyo pumzi inakatika katikati, inanyamaza, halafu inarudi kwa kishindo, na daktari alisema siku moja isiporudi... basi, mashine inataka umeme, umeme unatoka humu chini ya benchi, siyo kwenye ile betri ya mbele ya kuwashia injini, ile ina kazi yake na haiguswi, ni hizi mbili, na kati ya hizi mbili moja ni mpya na moja ni mzee wa zamani, na hilo analijua Dereva peke yake.

Zote mpya, ndivyo alivyomwambia, ilikuwa siku ile Mwalimu anatoka hospitali, duka lilikuwa limebakiwa na moja, muuzaji akasema mama usifunge mpya na kuukuu pamoja, ile kuukuu itamnyonya mwenzake hadi zote ziishe, subiri wiki mbili nikuletee jozi, na yeye, mtu aliyekuwa akikagua breki za basi kila asubuhi kabla mtoto hata mmoja hajapanda, akafunga mpya na kuukuu, kwa sababu alitaka Mwalimu akirudi akute taa zinawaka na gari liko tayari, asije akafa moyo, na alipoulizwa umebadilisha, akasema zote, zote mpya, akaona uso wa mumewe unalainika, ikawa basi... na wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi saba... dakika kumi na moja... halafu ile Jumamosi ya majaribio, walipolala humu humu, gari limeegeshwa uani, naye hakulala, alikuwa anaisikiliza mashine, fuu, fuu, hadi alfajiri kunaanza kupambazuka ikanyamaza katikati ya pumzi, akamtikisa, Mwalimu, Mwalimu, mumewe akakaa kitandani akihema, nini, nini, naye akasema samahani, nimeipiga teke swichi usingizini, na akacheka, Mungu wangu, alicheka kabisa, na Mwalimu akacheka pia, akasema miguu yako mirefu hiyo itaniua... na huku nje sasa anasema “nimeweka ramani kiti cha mbele, usije ukaikalia,” sitaikalia, akajibu, na sauti yake mwenyewe aliisikia ilivyo tulivu, sauti ile ile ya basini, kaeni chini watoto, hakuna kitu, ni tairi tu... kumi na nne... na itasema nini hii mita nusu saa ikiisha, itasema kumi na mbili nukta sita, labda saba, naye atasema haya, ziko sawa, twende, na ndipo kitu kikamgonga kifuani, taratibu tu, hakikumshtua hata, kwamba zikiwa zimefungwa pamoja zinasoma namba moja, ile nzima inaibeba ile mbovu, inaificha, unaweza kusubiri nusu saa, unaweza kusubiri wiki, hutaujua ukweli mpaka uzitenganishe, na hilo alikuwa akilijua, alilijua tangu alipoketi hapa sakafuni, alikuwa anasubiri namba ya kujidanganyia... basi la watoto usingelipeleka hivyo, alijiambia, hata hatua moja, ungemrudishia mkuu wa shule funguo, na mume wako je... mkono wake ukaingia kwenye boksi la vifaa ukatoka na spana, namba kumi na tatu, hasi kwanza, daima hasi kwanza, nati ikalegea kirahisi kwa ajili ya grisi ya asubuhi, waya mweusi akaukunjia pembeni, halafu mwekundu, na betri zikakaa kila moja peke yake kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, na akaita, Mwalimu, njoo kidogo, na mluzi ukakoma.

Akasimama mlangoni na mto kwapani, naye bila kumtazama akasema moja ni ya zamani, nilikudanganya, haikuwa zote, na ile Jumamosi sikupiga teke chochote, iliisha, umeme uliisha, ungeweza... na Mwalimu akakaa kwenye ngazi ya mlango, akauweka mto magotini, akasema, “Swichi iko juu ya kichwa changu, Dereva. Miguu yako haijawahi kufika huko hata siku tuliyooana.” Kwa hiyo ulijua? “Nilijua kuna kitu. Sikuuliza. Niliogopa nikiuliza utasema safari hakuna.” ...alijua, akalala tena humu Jumapili, akajivika ile barakoa usoni akaniambia usiku mwema, alijua, na mimi namficha yeye na yeye ananificha mimi, na katikati yetu ile mashine, fuu, fuu... “Kesho duka linafungua saa mbili,” Mwalimu alisema, “nitampigia dada nimwambie keshokutwa, atagomba, lakini akigomba ujue bado mzima,” na Dereva akajipangusa macho kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na grisi, akasema kwanza tuzipime, huenda na hii mpya imeshanyonywa, nikanunue jozi, na Mwalimu akanyoosha mkono kuichukua mita, naye akamzuia, bado, nimezifungua sasa hivi, tunaanza upya, nusu saa. “Nusu saa nzima?” Nzima. Akasogea akampisha pale sakafuni, Mwalimu akajikunja akaketi karibu yake akitweta kidogo, na Dereva akawa anaihesabu ile pumzi, inaingia, inatoka, bila kumficha kwamba anaihesabu.