Kosa la Sabrin

Kila Jumanne baada ya sala ya alasiri, Inshirah aliondoa vikombe vya chai kwenye meza ya sebuleni, akatandaza kitambaa cha plastiki chenye maua, akawagawia watoto penseli. Kalamu ya wino ilikuwa mwiko nyumbani kwake. Watoto wa mtaa wa Kafr Nawar walikuja kujifunza Kiingereza kwa sababu mtihani wa sekondari ulikuwa unawakodolea macho. Walimwita Abla, kama anavyoitwa kila mwalimu wa kike huko. Abla Inshirah hakuwa na kiboko wala hakukihitaji. Ndani ya sebule ile, mtoto akiipigia mstari nomino na akaitaja kuwa ni nomino, nomino ilikuja.

Wakipigia mstari limau, limau lilidondoka mezani. Wakipigia mstari paka, paka alishuka kutoka juu ya kabati, kanuna. Kitenzi kilitendeka papo hapo, na mtoto aliyetambua kitenzi cha kucheka aliwahi kucheka hadi mbavu zikamuuma. Kivumishi kilimganda aliyekuwa karibu. Jirani mmoja aliyepita kuomba chumvi alirudi kwake na sikio la kijani. Ukifuta kwa raba, kila kitu kilirudi kilikotoka. Wino ndio ulikuwa balaa, maana haufutiki, na ndiyo sababu uani kwa Abla aliishi mbuni mkubwa aliyeletwa zamani na mwanafunzi mbishi. Mbuni alikula mabaki ya mikate na hakumsumbua mtu. Wazazi wenye tamaa nao walijaribu kutunga sentensi za sonara na dhahabu yake. Dhahabu ilikuja, sonara akaja nayo, kaikumbatia, na ikabidi anyweshwe chai.

Penye vivumishi ndipo watoto walipokosea, na lawama haikuwa yao. Kwenye somo la Kiarabu walifundishwa kwamba maneno ni ya aina tatu tu, yaani nomino, kitenzi na vijineno vya kuunganishia. Kivumishi kimesukumiwa humo humo ndani ya nomino, kama mgeni anayelazwa chumba cha watoto. Wakifika kwenye Kiingereza, walikilaza huko huko. Aliyeongoza kwa kosa hilo alikuwa Sabrin, binti wa Wahdan, kaka mdogo wa Inshirah. Siku moja Sabrin alilipigia mstari neno la baridi akaliita nomino, na kwa Kiingereza baridi ikiwa nomino huwa ni mafua. Darasa zima lilipiga chafya mpaka Alhamisi.

"Sabrin, nikwambie kwa lugha gani? Hiyo ni sifa tu, si kitu!"

"Shangazi, asubuhi nikishika bomba la maji, baridi naishika kwa mkono. Kinachoshikika si kitu?"

Inshirah akamrushia raba.

Kwa kosa lile lile Sabrin alianguka mtihani, akaenda kushona mifuko ya suruali katika kiwanda ambako baba yake alikuwa bawabu. Majira ya machungwa yaliyofuata, moto ulishika marobota ya vitambaa ghorofa ya juu. Wasichana wa zamu ya asubuhi waliukimbilia mlango wa ngazi na hawakutoka. Sabrin alikuwa miongoni mwao.

Suruali zile zilinunuliwa na watu wa ng'ambo, kwa hiyo taarifa ya moto iliandikwa kwa Kiingereza, na kesi nzima ikaja kuning'inia kwenye sentensi moja inayohusu mlango na kufungwa kwake. Neno la mwisho la sentensi hiyo, kwa Kiingereza, lina sura mbili. Likiwa kitenzi, basi mlango ulifungwa, aliyeufunga yupo, na atafutwe. Likiwa kivumishi, mlango ulikuwa na hali hiyo tu, kama ulivyokuwa wa chuma na wa kijivu, na hakuna wa kuulizwa. Sisi wa Kiswahili tungeuliza ulifungwa au ulifungika, tukamaliza. Mfasiri wa familia za marehemu alisema kitenzi. Mfasiri wa kiwanda alisema kivumishi. Jaji, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye kuagiza kahawa, aliamuru sentensi ipelekwe kwa Abla Inshirah, kwa kuwa sebuleni kwake maneno hayadanganyi.

Watu walitarajia wakili wa kiwanda, Mutawalli, ambaye kama mawakili wote huko aliitwa Ustaz, apinge, maana Inshirah alikuwa shangazi wa marehemu. Hakupinga. Alisema anamwamini mno, na imani hiyo ndiyo iliyomkosesha Inshirah usingizi. Yeye alitaka jambo moja tu duniani: aliyemfungia Sabrin mlango atajwe.

Ustaz Mutawalli alifika alasiri, kavaa tai, na nyuma yake Wahdan kabeba sinia la basbusa.

"Asalamu aleikum, Abla. Nimekuletea kitu kitamu, na nimekuletea ndugu yako."

"Waaleikum salaam. Kitu kitamu weka mezani. Ndugu yangu njia ya hapa anaijua, hana haja ya kuletwa."

Wahdan aliweka sinia, akaketi ukingoni mwa kochi, macho kwenye zulia. Tangu mazishi alikuwa amekonda hadi shada la funguo za kiwanda lilimvuta suruali upande mmoja. Wakili aliitandaza karatasi yenye ile sentensi, akaiweka kalamu juu yake.

"Jaji anataka jibu kwa wino. Kitenzi au kivumishi, basi. Mtoto wa darasa la kwanza analiweza hili."

"Si ungempelekea huyo mtoto, ukapumzika na jua?"

"Abla, ulimi wako!" wakili alicheka. "Andika, tunywe chai."

Inshirah aliisogeza kalamu kando, akachukua penseli. Alianza na lile lisilo na ubishi: aliupigia mstari mlango. Mlango ukaja, ukasimama kati ya kabati na kochi, wa chuma, wa kijivu, rangi imevimba malengelenge. Ustaz Mutawalli alivuta kisahani chake cha basbusa ili kisigongwe. Nyuma ya mlango ule palikuwa na ukuta wa jirani, Umm Lutfi, lakini waliokuwa wanabisha hawakuwa watu wa Umm Lutfi. Walibisha kwa viganja, wengi kwa pamoja. Uani, mbuni aliinua shingo.

"Endelea," alisema wakili.

Chini ya lile neno la mwisho, Inshirah aliandika kwa penseli: kitenzi.

Mkono wa kulia wa Wahdan ulinyanyuka. Wahdan mwenyewe aliutazama ukiingia mfukoni, ukatoa shada la funguo, ukachagua ufunguo mmoja bila kupapasa. Ulimvuta mpaka mlangoni, akaufuata kwa kuwa ulikuwa mkono wake. Ukachomeka ufunguo, ukazungusha, ukauchomoa. Viganja vya upande wa pili vikazidi.

Kila siku baada ya sala Inshirah alikuwa akimwombea mwenye mkono ule apooze, akose usingizi, azikwe bila wa kumlilia. Na kila siku Wahdan, ameketi pembeni yake, alikuwa akiitikia amina.

"Nani alikutuma?"

"Dada, futa."

"Nakuuliza, Wahdan. Nani alikutuma?"

"Dada yangu, nakuomba, futa. Nyumbani nina wadogo zake."

Ustaz Mutawalli alifuta midomo kwa leso. "Itazame sentensi yenyewe, Abla. Kuna mlango, kuna kufungwa, na hakuna mwingine. Andika kitenzi kwa wino, na ndugu yako leo hii analala mahabusu. Polisi wakishapata mkono, hawana shida ya kutafuta zaidi."

Inshirah aliipekua sentensi ile mwanzo hadi mwisho na mwisho hadi mwanzo. Ilikuwa imetungwa na watu waliosoma. Angeweza kuongeza maneno pembeni, lakini jina la kuongeza alilijua Wahdan peke yake, na Wahdan alikuwa amefumba mdomo, mkono wake bado umeukamata ufunguo.

Alifuta. Mkono ukaanguka. Akaandika: kivumishi.

Tundu la ufunguo lilijiziba kama kidonda kilichopona. Mlango ukawa laini, ukaonekana kana kwamba ulijengwa pamoja na nyumba. Kubisha kukakoma.

"Mashallah," alisema wakili. "Sasa tia wino, Mungu akulipe."

Wahdan alikuwa analia kimya kimya, na haikujulikana kama ni kwa uchungu au kwa nafuu, na pengine yeye pia hakujua. Sebule ilitulia mno. Inshirah aliona kuwa hata siku moja hataweza kuishi na utulivu ule. Alifuta tena hadi karatasi ikataka kutoboka. Akakumbuka bomba la maji la asubuhi, na mtoto mbishi mwenye mkono mwekundu kwa baridi. Kwa sarufi ya Kiarabu, neno la kufungwa lingekuwa nomino, tena lina jina lake kamili, nomino ya mtendwa. Aliichukua kalamu ya wino. Akalipigia mstari lile neno, na kwa mwandiko wake wa ubaoni akaandika: nomino.

Mlango haukufunguka. Walikuja tu, jinsi nomino zinavyokuja, wasichana wa zamu ya asubuhi, waliofungiwa. Walikuwa na vitambaa vyao vya kichwa na harufu ya moshi. Waliketi kwenye mikono ya makochi na kizingiti cha dirisha, na waliokosa nafasi wakakaa zuliani. Sabrin alikuja wa mwisho, uzi wa buluu ukining'inia begani.

"Shangazi," alisema, "si nilikwambia?"

Inshirah alimshika mkono. Ulishikika. Ulikuwa na joto, zaidi kidogo ya mkono wa kawaida.

Ustaz Mutawalli aliupuliza wino ukauke. "Abla, hili ni kosa."

"Najua."

"Hata mtoto wa darasa la kwanza angelipata."

"Angelipata."

Wakili alionekana kuridhika. Msichana mmoja alimwomba asogee ili na yeye aketi, naye akasogea, akaomba radhi, akaikunja karatasi na kuaga.

Mahakama ilisema jibu lisilo kitenzi wala kivumishi si jibu, na kwamba mtaalamu hajui somo lake. Tafsiri ya kiwanda ikafuatwa, na moto ukaandikwa kuwa ni kadari ya Mungu. Kiwanda kilitia mlango mpya wa ngazi, wa chuma, wa kijivu, na Wahdan akapewa ufunguo wake. Baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto wao, kwa kuwa mwalimu asiyejua kivumishi atamfaulisha nani? Waliobaki walizoea kubanana. Ijumaa mama za wale wasichana huja na masufuria ya mahshi, mboga zilizojazwa wali, huwasuka mabinti zao nywele, hugombana nao kuhusu kula, kisha hurudi makwao na masufuria matupu. Mlango wa zamani bado upo kati ya kabati na kochi, na wanafunzi hutundika makoti yao hapo.

Wahdan naye huja kila alasiri kabla ya zamu ya jioni. Sabrin humtengenezea chai nzito yenye mnanaa, humtilia sukari anavyoipenda, humwekea mbele yake. Wasichana wengine huacha mazungumzo. Inshirah huishika kalamu ya wino, kifuniko wazi, ncha juu ya karatasi nyeupe, maana jina la mtu nalo ni nomino.

"Baba," huuliza Sabrin, "kwa nini uliufunga?"

"Niliambiwa, mwanangu."

"Na nani?"

Wahdan huipuliza chai. Huinywa yote, husema Mungu aibariki mikono yako, hutazama saa ya ukutani, kisha hupapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo na kwenda kazini, maana zamu inaingia na mlango hautakiwi kuachwa wazi.