Nondo Zilizolazwa Vibaya

Binti yangu anaendesha baiskeli vizuri kuliko watu wengi wa mtaa wetu wanavyotembea. Naanza na hilo kwa sababu baadaye mtu mwenye tai aliandika kinyume chake, na mimi sitaki maneno ya mwenye tai yabaki peke yake.

Ni kitinda mimba wangu, fundi cherehani. Asubuhi ile alikuwa amefunga sare za shule kwenye keria, zimekunjwa, zimefunikwa nailoni, anazipeleka kabla wanafunzi hawajaingia madarasani. Barabara yetu ilikuwa mpya, nyeusi kama wanja, bado inanuka lami. Alipofika mbele ya duka la unga, lori likampigia honi kwa nyuma. Akafanya kama anavyotakiwa mwendesha baiskeli yeyote, akasogea pembeni. Pembeni pale pana mtaro, na mtaro una kifuniko cha nondo, cha mraba, cha kuingiza maji ya mvua. Zile nondo zilikuwa zimelazwa kufuata barabara. Gurudumu la mbele likazama katikati ya nondo mbili kama kisu kinavyoingia alani. Baiskeli ikasimama, binti yangu hakusimama. Alirushwa juu ya usukani, akajikinga uso kwa mkono wa kulia.

Lori likaenda zake. Halikumgusa hata kidogo.

Mwenye duka la unga, tunamwita Mama Unga, ndiye aliyemwinua na kunitumia mtu. Nilimkuta binti yangu amekaa juu ya gunia, mweupe kwa unga hadi kope, anazikagua sare.

"Mama, hakuna iliyochafuka," akaniambia.

Mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Daktari alitazama picha ya mifupa, akaitazama tena. Akasema kifundo cha mkono kimevunjika vipande na mshipa wa kidole gumba umeumia, inabidi awekewe vyuma kwenye hospitali kubwa. "Tukiuacha uunge wenyewe, utaunga," alisema. "Lakini kidole gumba hakitashika mkasi."

"Tuna muda gani?"

"Wiki, mama. Sio miezi."

Fundi cherehani asiyeshika mkasi. Hilo ndilo lililotunyima usingizi, na hospitali kubwa haifanyi kazi kwa kuombewa dua.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, mchomeleaji vyuma, na mtaa mzima unamwita Cheche, kwa kazi yake na kwa hasira zake pia. Jioni ileile alikuja na mashine yake juu ya mkokoteni, akavuta umeme kutoka duka la unga, akaking'oa kile kifuniko, akakigeuza ili nondo zikatize barabara, akakichomelea kwenye fremu yake pembe zote nne. "Hapa hatalia tena mtoto wa mtu," alisema. Watu wakampigia makofi. Mimi mwenyewe nilimpelekea chai, nikamwombea heri. Simu zilikuwepo tele, na zote zilimpiga picha Cheche na miwani yake myeusi kama msanii. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kupiga picha kifuniko kabla hakijageuzwa.

Tulikuja kuligundua kosa letu kwa Wakili wa Alhamisi. Jina hilo amelipata kwa kuwa siku hiyo ndiyo anayosaidia watu bure, katika chumba kidogo nyuma ya maktaba. Ni mtu mzima, mafua hayamwachi, leso haitoki mkononi.

"Mwenye lori je?" binti yangu akamuuliza.

"Ulishika namba yake?"

"Nilikuwa nimeshika ardhi, mzee."

"Basi lori tuliache. Tunabaki na mwenye barabara, yaani manispaa, pamoja na mkandarasi wake. Mwenye barabara anatakiwa aiache salama kwa kila anayeruhusiwa kupita, na baiskeli inaruhusiwa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ofisi ya madai ya manispaa. Wakikubali kosa, hospitali inalipwa mapema. Wakikataa, tunakwenda mahakamani, na mahakama haina haraka. Mfupa ndio wenye haraka." Akapenga kamasi. "Nileteeni cheti cha daktari na taarifa ya polisi. Nileteeni walioona. Baiskeli iacheni ilivyo, msinyooshe hata spoki. Na ile picha ya kifuniko kilivyokuwa."

Tukatazamana, mama na mwana.

"Kimegeuzwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na upendo," binti yangu akajibu.

Wakili aliishusha leso taratibu. "Huo upendo una anwani?"

Hatukumpa siku ile. Tulipeleka madai na karatasi tulizokuwa nazo, na baada ya siku kadhaa tukaitwa. Afisa wa madai alikuwa kijana nadhifu, tai imenyooka, sauti ya kubembeleza. Akatusomea alichoandika. Alifika mwenyewe mahali pa ajali, alikuta nondo zimekatiza barabara kama inavyopaswa. Baiskeli ilizidisha mzigo. Mwendeshaji hakuwa makini.

Nikaona tukianza kubishana naye atatushinda, maana kubishana ndiyo kazi yake. "Kitendawili," nikamwambia.

Akatazama mlango, akatazama saa, kisha utoto wake ukamshinda. "Tega."

"Ni chako na hukijui, si changu na kimenivunjia nyumba."

Akafikiri kweli, nampa haki yake. Akataja kodi, akataja umeme. "Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Mimi ni mtu wa manispaa, mji ninao," akasema, na hapo akacheka. "Chukua wote."

"Nimeuchukua. Nilikwenda mjini kwako, wenye magurudumu manne wakapita raha mustarehe. Mwanangu akaja na mawili, akamezwa. Jibu lake ni kifuniko cha mtaro."

Kicheko kikakatika. "Kifuniko hicho kimechomelewa, mama. Sisi hatuchomelei. Kuna mtu kachezea mali ya umma, na hilo ni kosa. Nitajieni huyo mtu, halafu tutaongea habari za nondo."

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Banda la Cheche limesimama kwenye kiwanja cha manispaa, kwa kibali kinachoweza kufutwa siku yoyote. Huwezi kusema kifuniko kilikuwaje bila kumtaja aliyekigeuza. Tukimtaja, watoto wake watakula nini?

Mtaa ulikuwa umeshapokea habari na kujifunga mdomo. Nilikwenda kwa Mama Unga. Alikuwa akishona mdomo wa gunia, hakuinua macho.

"Mimi sikuona kitu, bibi."

"Si ulimwinua mwanangu kwa mikono yako?"

"Mtoto nilimwona. Kifuniko sikukiona." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na wewe ukinipenda, hutaniuliza tena."

Sikumlaumu. Alikuwa anamlinda yuleyule ninayempenda.

Nyumbani nilimkuta binti yangu mezani na kitambaa chakavu, mkasi mkono wa kushoto. Alikuwa anajaribu kukata mstari ulionyooka. Kingo za kitambaa zilikuwa kama zimetafunwa na mbuzi.

"Tuache, mama," akasema. "Baba mdogo ana familia. Nitajifunza kushoto."

"Utashona sare za mbuzi?"

Akacheka, kisha kicheko kikaharibika katikati, akafunika uso kwa ule mkono mzima. Nilimwacha alie, maana tangu aanguke alikuwa hajalia. Alipomaliza nilimwambia, "Mkono wako nautaka. Banda la baba yako mdogo nalitaka. Siachi hata kimoja, kwa hiyo nawa uso tule."

Kesho yake nikaenda kwa Cheche. Alikuwa anasugua fremu ya mlango, aliponiona akavua miwani.

"Shemeji, umekuja kudai kikombe chako cha chai?"

"Nimekuja kukukataza."

"Kunikataza nini?"

"Hilo uliloamua. Nakujua tangu hujaota ndevu."

Akakaa juu ya ndoo. "Nilikwenda kwa wakili wenu Jumanne. Nikagonga mlango hadi mtu wa maktaba akanifukuza."

"Ni wa Alhamisi, wewe."

"Sasa nimejua."

"Watakunyang'anya banda."

"Watachukua mabati. Mabati nitaezeka kwingine." Akanyoosha mikono yake mbele yangu, ina makovu ya moto kila mahali. "Hizi zitabaki. Yeye ndiye aliyechukuliwa mkono, shemeji. Mimi nilijiona nimefanya jambo kubwa, kumbe nimewafutia waliokosea kosa lao. Unataka nilale vipi?"

Nikavuta ndoo nyingine, nikakaa mbele yake.

"Basi tutakwenda wote," nikasema. "Na usiseme kabla ya kuulizwa. Ukianza kufoka, nakukanyaga mguu."

"Umevaa viatu gani?"

"Vizito."

Alhamisi Wakili alimsikiliza hadi mwisho. Akatuambia tusifiche chochote: ataandika kwamba Cheche alikigeuza kifuniko ili kuzuia ajali nyingine, na ataomba manispaa waje wenyewe kifunguliwe mbele yao. "Huenda wakaelewa, huenda wakamshtaki. Siwezi kuahidi," alisema. Cheche akatia sahihi kwa herufi kubwa.

Walikuja, yule afisa mwenye tai na mhandisi wao, mwanamke mnene mpole mwenye kofia ya njano. Afisa alimtazama Cheche kama polisi anavyomtazama mwizi wa kuku. Cheche akanitazama miguu, akanyamaza.

Alikata pembe zote nne kwa msumeno wa umeme, cheche zikaruka hadi kwenye ngazi za duka la unga. Akainua kifuniko, akakigeuza, akakirudisha kilivyokuwa siku ile. Tukaleta baiskeli ya binti yangu, ile iliyopinda. Gurudumu likaingia katikati ya nondo hadi karibu na ekseli.

"Sawa," afisa akasema. "Lakini ni cha mraba. Kinaingia hivi, kinaingia vile. Nani anathibitisha kilikaa hivi kabla huyu bwana hajakigusa?"

Wakili akafungua mdomo, akapiga chafya. Nyuma yetu Mama Unga akasema, "Mimi nathibitisha. Nilikiona." Muuza mkaa naye akasema aliona, na mwenye kioski, na wote waliokuwa hawajaona kitu wiki nzima.

"Majirani," afisa akasema, kama anayetaja ugonjwa.

Mhandisi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amepiga magoti barabarani, gauni lake safi juu ya vumbi, anapitisha kidole ukingoni. Siku ya kumwaga lami, wajenzi walirusha matone hadi juu ya kifuniko, na lami ile ilikuwa imeacha mkanda mweusi, nusu juu ya chuma, nusu juu ya zege. Akamwambia Cheche akigeuze tena. Mkanda ukakatika vipande, hakuna kilichokutana na mwenzake. "Rudisha." Mkanda ukaungana, tone kwa tone, kutoka zege hadi chuma.

Akakaa hivyohivyo, magoti chini. "Lami ilipomwagwa, kifuniko kilikuwa hivi," alisema. "Sisi ndio tuliokilaza hivi. Mimi ndiye niliyeipokea barabara hii kwa mkandarasi."

Afisa alitoa kalamu, akairudisha, akaitoa tena.

"Andika," mhandisi akamwambia. "Andika kama nilivyosema, nitie sahihi. Barua ya kulipia hospitali iende leo."

"Na huyu aliyechezea mali ya umma?"

"Huyu alifanya kazi yangu kabla yangu. Mpe onyo kwa maandishi kama lazima, kibali chake usikiguse."

Wakili akakumbusha kwamba bado kuna siku za kazi ambazo binti yangu amepoteza, na kwamba hizo watazidai, mahakamani ikibidi. Afisa akaandika na hilo, ingawa kwa herufi ndogo. Wakapiga picha za ule mkanda kwa kila upande.

"Basi kiachwe hivihivi," afisa akasema, akifunika kalamu. "Ni ushahidi. Asikiguse mtu mpaka ripoti ipite."

Nikapanda juu ya kifuniko nikasimama, mguu huku, mguu kule.

"Mama, tafadhali."

"Umeshapiga picha."

"Utaratibu unasema—"

"Utaratibu utanikuta hapa. Yule je?" Nikamwonyesha muuza mikate anakuja na baiskeli yake, kreti nyuma, lori kubwa likimsukuma kwa honi. Binti yangu akaja akasimama ubavuni kwangu, mkono umefungwa shingoni, akauinua ule mzima kumpungia muuza mikate asimame. Naye akafunga breki, lori likapita likitutukana.

Mhandisi alimtazama afisa.

Afisa akalegeza tai. Kisha akashuka barabarani, akanyoosha mkono mbele ya magari yaliyokuwa yakija, akasimama hapo jua likimpiga usoni, wakati Cheche anavaa miwani na mimi nashuka kwenye kifuniko ili akigeuze.