Dada Hakatiwi Simu

Mwanangu alikuja kwangu Jumapili na bili ya simu mkononi. Akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja kana kwamba ingeruka. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na vidole vyake vimejaa makovu madogo ya cheche. Laini yangu iko pamoja na laini za karakana yake, zote hulipiwa mwisho wa mwezi. Alipanga hivyo mwenyewe, kwa sababu hataki mama yake ahangaike kutafuta vocha.

"Mama," alisema, "nimeweka pale mafundi wanne, karani na dereva. Wewe umewashinda wote."

"Mimi? Mimi naongea na mtu mmoja kwa siku, robo saa."

"Basi huyo mtu yuko mwezini."

Mkwe wangu, mke wake, akamkanyaga mguu chini ya meza. Huyu binti hunitetea zaidi kwa miguu kuliko kwa mdomo, na mimi hujifanya sioni.

Mwanangu akashusha sauti. Karakana ilikuwa na miezi mibaya, alisema. Kama bili ijayo itakuja hivi, atanitafutia simu ndogo ya vitufe. Hiyo inapiga, inapokea, na chaji inakaa wiki nzima.

"Na mama yako mkubwa?" nilimuuliza.

Akatazama meza. Alijua nilichomaanisha. Dada yangu, ambaye ndiye mama yake mkubwa, alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Sauti ikaondoka na mkono wa kulia ukalegea. Anaishi mbali, safari ya siku nzima, na magoti yangu hayaiwezi tena. Ukimpigia simu ya kawaida unasikia pumzi tu. Lakini ukimwona uso, anaongea. Ana nyusi za kuuliza, jicho la kukejeli, na mkono wa kushoto unaosema yote yaliyobaki. Bila simu yenye picha, ningebaki na dada wa pumzi.

"Sijasema kesho, Mama," mwanangu alisema. "Nimesema mwisho wa mwezi."

Kesho yake asubuhi mkwe wangu alinisindikiza mpaka saluni iliyo karibu na posta. Jumatatu saluni hiyo haipokei wateja. Msusi mwenye duka hufungua nusu mlango, anapanga viti mbele ya vioo, na anafundisha wazee kutumia simu. Halipishi. Alianza na baba yake mzazi, ambaye alibonyeza kitu bila kujua akajiunga na vichekesho vya kila siku. Mzee wa watu alilipia vichekesho mwaka mzima na hakucheka hata kimoja.

Tulikuwa watano. Nilikaa chini ya ile kofia kubwa ya kukaushia nywele, na msusi akanikunjia taulo akaniwekea mgongoni kabla sijasema kitu. Jirani yangu alikuwa mzee tunayemwita Mzee Filimbi, maana alikuwa mwamuzi wa mpira miaka thelathini na mpaka leo huongea kama anakuonyesha kadi.

Kitu kimoja nilikipenda kwa yule msusi. Anapofundisha huweka mikono nyuma. Wajukuu zangu wakinisaidia hunipokonya simu, vidole vinakwenda tititi, kisha wananirudishia: "Tayari, Bibi." Tayari nini, hawasemi. Msusi anasimama nyuma ya kiti chako, anakutazama kupitia kioo, anasema, "Bonyeza wewe, Mama. Ukikosea tutarudi. Haiungui."

Siku hiyo tulizima video zinazojicheza zenyewe. Tulizima programu zinazojisasisha hata hujaziomba. Mzee Filimbi akagundua ana michezo kumi na moja asiyoijua.

"Ni mjukuu wangu," alisema. "Kadi nyekundu. Nje!"

"Usimfukuze mjukuu, Mzee. Ifute michezo."

"Nitaanza na michezo."

Zamu yangu ilipofika, msusi alinielekeza mahali simu inapoandika ni kitu gani kimekula data. Nilisoma polepole, kidole chini ya mstari. Picha, kidogo. Habari, kidogo. Chini yake kulikuwa na simu za video, na hapo mstari wa rangi ulikwenda mpaka ukingoni.

"Unaongea na nani kwa video, Mama?"

"Dada yangu tu. Robo saa."

"Hebu fungua simu zilizopita. Jana inasema dakika ngapi?"

Nikavaa miwani vizuri. "Inasema muda wa saa tatu na dakika kumi. Hii imekosea."

"Na juzi?"

Juzi saa tatu kasoro kidogo. Siku ya kabla yake, saa tatu na nusu. Niliona aibu, kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni asichokiiba. Msusi akavuta kigoda akakaa, uso wake ukawa chini ya wangu.

"Mama, hebu niambie. Mkishaagana, unafanya nini?"

"Naifunga simu kwenye kitambaa changu, naiweka kitandani kifudifudi, naenda jikoni."

"Hubonyezi kile kitufe chekundu?"

"Kwa wengine nabonyeza. Kwa dada sibonyezi."

"Kwa nini?"

Nilishangaa kuulizwa. "Ni mkubwa wangu! Mdogo anamkatiaje mkubwa wake simu? Namsubiri yeye akate."

Mzee Filimbi akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mama ana haki," alisema. "Mimi mama mkwe wangu sijawahi kumkatia. Naiweka simu mezani, nakula, nanawa, namkuta bado anaongea."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuelewa. Binti wa dada ndiye anayenipigia saa tisa mchana kabla ya kwenda kazini. Huegemeza simu kwenye jagi, mbali kidogo ili uso wote uonekane, kisha huondoka. Dada hawezi kuifikia. Kwao wanalipia intaneti ya nyumba nzima kwa bei moja, kwa hiyo hakuna aliyeumia akajua. Kumbe kila siku yeye alibaki wazi upande ule, mimi wazi upande huu, hakuna anayesema neno. Nilidhani mkinyamaza gharama nayo inanyamaza. Sikujua kwamba ukimya nao unalipiwa.

"Sasa unalo jibu," msusi alisema. "Kata tu, na bili itashuka."

"Siwezi kukata tu. Ataniona nimemfungia mlango usoni. Yule hawezi kunipigia tena aniulize kwa nini."

Msusi hakunibishia. Alifikiri, akasema, "Basi muombe ruhusa. Muombe akiwa anakuona."

Saa tisa nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti kando ya dirisha, nimevaa gauni la kutokea. Mkwe wangu alikaa nami, akakataa kurudi kwake ingawa alikuwa na nguo za kupiga pasi. Simu ikalia. Uso wa dada ukajaa kiooni, nyusi zikapanda juu: umevaa hivyo unakwenda wapi?

"Mwanangu," nilimwambia binti yake, "usiondoke kwanza. Nipe dakika tano."

Nikaeleza yote. Bili, karakana, simu ya vitufe, kitambaa, ukimya. Nilimwambia dada kuwa nisipokata nitanyang'anywa uso wake, na nikikata nitakuwa nimemvunjia heshima. Nikamuuliza nifanye nini.

Kabla dada hajajibu, binti yake akashika kichwa. "Kumbe! Mama mdogo, mimi kila jioni nikirudi kuizima simu namkuta amekodolea macho kioo cheusi, anasikiliza sufuria zako. Nilidhani anapenda. Halali mchana tena!"

"Ni kweli, Dada?"

Dada akafumba macho, akayafumbua. Hiyo ni ndiyo yake. Kisha akaelekeza kidole cha kushoto kwenye sikio, akakunja uso, akafanya kama mtu anayegonga mfuniko.

"Anasema unagonga sana vyombo," binti yake alitafsiri, kana kwamba nilihitaji.

Kumbe naye alikuwa ananisubiri mimi. Aliona si vizuri kulala mbele ya mgeni.

Nilicheka mpaka mkwe wangu akanipa leso. Lakini ilipofika wakati wa kuagana, kidole changu kilisimama juu ya kile kitufe na hakikushuka. Nilimtazama. Miaka sabini na kitu nimetangulia kunyamaza mbele yake, na nimekula baada yake.

"Dada, naomba ruhusa."

Akainua mkono wa kushoto na kunipungia kwa mgongo wa kiganja, mara mbili, kwa nje, vile unavyofukuza kuku anayeingia jikoni. Ndivyo alivyokuwa akinitoa chumbani kwetu nilipokuwa mdogo, akitaka kusoma. Sikusogea. Akapunga tena, kwa nguvu, na jicho lile la kejeli likawaka.

Nikabonyeza. Nilikaa na simu mapajani, nikingoja niumie. Niliona tu saa ya ukutani, saa tisa na dakika ishirini, na mchana wote ukiwa umebaki.

Mwisho wa mwezi mwanangu alikuja na bili nyingine. Safari hii hakuifunika. Alinionyesha jina langu, lilikuwa chini kabisa, chini hata ya karani.

"Dereva sasa ndiye anayeongoza," alisema. "Nitampeleka kwa msusi." Kisha akakaa, akakuna shingo. "Mama, nilikosea kutishia. Ningeuliza kwanza."

"Ulikuwa umechoka," nilimwambia, na nilimaanisha hivyo.

Simu ikalia akiwa bado hapo. Nikamwita akae kando yangu, akajipangusa uso haraka akachutama mbele ya kioo, mwanamume mzima.

"Shikamoo, Mama mkubwa!"

Dada akamtazama nywele, makovu, kola iliyochakaa. Akakunja midomo kunionyesha kwamba mtoto amekonda. Mwanangu akaanza kumsimulia habari za karakana, geti kubwa alilopata kulitengeneza, mafundi, mvua, akasimulia na kusimulia kama mtu aliyekuwa na mengi ya kusema siku nyingi. Nilimwacha. Dada naye alimwacha, mpaka kope zikaanza kumwelemea. Ndipo mkono wa kushoto ukainuka, ukapunga kwa nje mara mbili.

Mwanangu akanigeukia, mdomo wazi. "Mama, ananifukuza?"

"Anakupa ruhusa, mwanangu. Bonyeza."

Akanyoosha kidole chake chenye makovu kuelekea kile kitufe chekundu, akasita.

"Bonyeza wewe, Mama," alisema. "Mimi naogopa."